Upasuaji wa varikoseli kwa mwanamume anayetafuta mtoto: kuanzia kipimo cha manii hadi mbegu kurudi

Mke hajashika mimba, mwaka umekatika, na macho ya ndugu wote yako kwake. Anapelekwa hospitali, anapigwa picha ya mirija ya uzazi, anapewa dawa za miti, na mume bado hajapimwa manii hata mara moja. Hapo ndipo muda unapopotea. Katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto kuna tatizo upande wa mwanamume, peke yake au sambamba na la mke.

Kati ya matatizo ya mwanamume yanayorekebishika kwa kisu, linaloongoza kwa wingi ni varikoseli, yaani kutanuka kwa vena zinazoondoa damu kwenye korodani. Upasuaji wake si mkubwa. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Lakini unamfaa yule tu aliyechaguliwa vizuri, na matokeo yake hayaonekani kabla ya miezi 3. Wengi wanaolalamika kwamba "nimepasuliwa na sijaona kitu" waliharakishwa kwenye moja ya mambo hayo mawili: hawakustahili kupasuliwa, au walipima mapema mno.

Kinachotokea ndani ya korodani

Korodani huning'inia nje ya tumbo kwa sababu zinataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili. Damu inayotoka kwenye korodani hupanda kupitia vena zenye vali ndogo zinazoizuia isirudi. Vali zikilegea, damu ya moto kutoka tumboni hushuka na kutuama kwenye vena zinazoizunguka korodani. Joto hupanda, taka za figo na za tezi zilizo juu yake huweza kushuka nayo, hewa ya oksijeni hupungua, na viwanda vya mbegu huanza kutoa mbegu chache, zenye mwendo mdogo na maumbo mabaya.

Takriban asilimia 90 ya varikoseli hujitokeza upande wa kushoto, na sababu yake ni ya kimaumbile: vena ya korodani ya kushoto ni ndefu zaidi na huingia kwenye vena ya figo kwa pembe mraba, wakati ile ya kulia huingia kwa mteremko kwenye vena kubwa ya tumbo. Ndiyo maana varikoseli ya kulia peke yake, au iliyotokea ghafla kwa mtu mzima, au isiyonywea mgonjwa anapolala, hailengwi kisu kwanza. Daktari lazima aangalie tumbo kwa altrasaundi au CT, kwani uvimbe wa figo au wa nyuma ya tumbo unaweza kuwa unaibana vena hiyo.

Jambo moja lieleweke mapema. Katika wanaume 100 wa kawaida, 15 hivi wana varikoseli, na wengi wao wana watoto. Katika wanaume wanaotafuta mtoto wa kwanza bila mafanikio, idadi hupanda hadi 35 au 40 kwa kila 100. Kwa hiyo kuwa nayo hakutoshi kusema ndiyo iliyoleta ugumba.

Ngiri, busha au varikoseli?

Mitaani yote matatu huitwa "mshipa" au "ngiri", na dawa ya ngiri huuzwa kwa yote. Ni maradhi tofauti, na unaweza kuyatenganisha kiasi kabla hujafika kliniki.

Simama kwenye chumba chenye joto, au baada ya kuoga maji ya vuguvugu, ili ngozi ya korodani ilegee. Shika sehemu iliyo juu ya korodani ya kushoto kati ya kidole gumba na cha shahada. Varikoseli kubwa huhisiwa kama tambi zilizopikwa zilizofungwa ndani ya kitambaa chepesi: laini, zinateleza, zinajikunja. Sasa kaza tumbo kama mtu anayesukuma choo kigumu; zitajaa. Lala chali dakika chache, zitanywea. Ngiri huanzia kinenani, husukuma mkono ukikohoa, na mara nyingi unaweza kuirudisha ndani. Busha ni maji: mfuko unakuwa mviringo na umejaa, na ukiweka tochi nyuma yake gizani mwanga hupenya na kuwa mwekundu. Kwa watu wa pwani, Tanzania na Kenya, ambako matende na mabusha yamekuwepo muda mrefu, tofauti hii ina uzito wake, kwani busha lina upasuaji wake mwingine kabisa.

Varikoseli nyingi haziumi. Zinazouma huleta uzito unaovuta, hasa jioni baada ya kusimama kutwa au kubeba mizigo, na hupungua ukilala. Maumivu makali ya ghafla si varikoseli. Kwa kijana hasa, hiyo inaweza kuwa korodani iliyojizungusha, na saa 6 zikipita bila kufunguliwa uwezekano wa kuiokoa hushuka haraka. Hilo ni la dharura, usiku huohuo.

Hatua ya 1: Pima manii mara mbili, na upime vizuri

Kipimo kimoja hakitoshi kuamua kisu. Mbegu za mtu mmoja hupanda na kushuka sana kati ya wiki na wiki, kwa hiyo vinahitajika vipimo viwili, vikiachana kwa wiki kadhaa. Makosa ya namna ya kutoa sampuli ndiyo yanayoharibu majibu kuliko mashine ya maabara, basi fuata haya kwa makini.

Kaa bila kutoa manii kwa siku 2 hadi 7. Chagua idadi moja, tuseme siku 3, na uirudie ileile kila utakapopima, la sivyo utalinganisha vitu visivyolingana. Tumia chombo ulichopewa na maabara. Usitumie mate, mafuta, sabuni wala kondomu ya kawaida, kwani vyote hivi huua au kuduwaza mbegu. Tone la kwanza lisimwagike: sehemu ya mwanzo ndiyo iliyobeba mbegu nyingi, na ukiikosa, hesabu itaonekana ya chini kwa uongo. Likimwagika, sema, sampuli irudiwe siku nyingine.

Toa sampuli hospitalini kama kuna chumba. Ukilazimika kutoa nyumbani, ifike maabara ndani ya nusu saa, saa moja ikiwa mwisho kabisa, ikiwa ndani ya nguo karibu na mwili. Ukiiweka kwenye boksi la pikipiki juani, au mbele ya kiyoyozi cha gari, mbegu zitafika zimelala.

Kama uliugua malaria au homa nyingine kali ndani ya miezi 3 iliyopita, mwambie daktari, na ikiwezekana subiri. Homa kali hushusha mbegu kwa wiki nyingi, na mtu aliyepimwa wiki 5 baada ya malaria anaweza kuambiwa ni mgumba hali hana tatizo la kudumu.

Majibu husomwa kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021. Mipaka ya chini ni hii: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, jumla ya mbegu milioni 39 kwa mshindo mmoja, zinazotembea kwa jumla asilimia 42, na zinazokwenda mbele asilimia 30, zilizo hai asilimia 54, zenye umbo zuri asilimia 4. Watu hushtuka sana kuona asilimia 4. Ndivyo ilivyo, hata mwanamume mwenye watoto wengi ana mbegu nyingi zenye maumbo ya ovyo.

Namba yenye manufaa zaidi kuliko zote huwa haiandikwi kwenye karatasi, na unaweza kuikokotoa mwenyewe: ujazo, mara idadi kwa mililita, mara asilimia ya zinazokwenda mbele. Mfano, mililita 2.5 mara milioni 8 mara asilimia 20 ni milioni 4. Hiyo ndiyo jumla ya mbegu zenye uwezo wa kusafiri. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Ndiyo utakayoilinganisha baada ya upasuaji.

Hatua ya 2: Daktari akushike, si altrasaundi peke yake

Daktari anayehusika ni wa urolojia, yaani wa njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume. Hospitali kubwa za rufaa kama Muhimbili, KCMC ya Moshi, Bugando na Kenyatta ya Nairobi zina idara hiyo. Anatakiwa akuchunguze ukiwa umesimama, kwa mikono yake, kisha akuambie varikoseli yako ni ya daraja gani. Daraja la 1 huhisiwa ukikaza tumbo tu. La 2 huhisiwa ukiwa umesimama bila kukaza. La 3 huonekana kwa macho kabla hata ya kuguswa.

Kuna nyingine zinazoonekana kwenye altrasaundi tu, mkono hauzipati. Kuzipasua hizi kwa ajili ya uzazi hakuna faida iliyothibitika, na miongozo ya Chama cha Urolojia cha Marekani inasema wazi zisipasuliwe kwa sababu hiyo. Kama umepewa karatasi ya altrasaundi inayosema vena zina milimita 2.5 na mtu anakuandalia tarehe ya upasuaji bila kukushika, tafuta daktari mwingine. Altrasaundi ina kazi yake: kupima ukubwa wa korodani, kutafuta uvimbe ndani yake, na kuthibitisha damu inarudi nyuma pale ambapo ngozi nene au busha dogo linazuia kuhisi. Vena iliyozidi milimita 3 yenye damu inayorudi unapokaza tumbo huhesabiwa kuwa varikoseli.

Damu ipimwe homoni mbili: FSH, ambayo ubongo huitoa kuiamuru korodani itengeneze mbegu, na testosteroni, homoni ya kiume, na hii ya pili ichukuliwe asubuhi kabla ya saa 4. FSH ikiwa juu na korodani zikiwa ndogo, kiwanda chenyewe kimechoka, na matarajio yapunguzwe. Mbegu zikiwa chini ya milioni 5 kwa mililita, au hazipo kabisa, vipimo vya kromosomu na vya upungufu kwenye kromosomu Y huulizwa kabla ya kisu.

Wakati huohuo mke naye apimwe. Umri wake ndio utakaoamua mengi: mke wa miaka 27 mwenye mirija iliyo wazi anaweza kungoja mwaka mzima baada ya upasuaji wa mume, wakati kwa mke wa miaka 39 miezi hiyo 12 ni ghali mno, na huenda IVF, yaani kurutubisha yai maabara nje ya mwili, ikawa njia fupi zaidi kwao.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza kinachoua mbegu bila kisu

Anza na testosteroni. Sindano au jeli za testosteroni, pamoja na steroidi za gym, huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha. Ubongo husimamisha FSH na mwenzake LH, homoni zinazoiamuru korodani ifanye kazi, na korodani huacha kutengeneza mbegu. Mwanamume anaweza kuwa na misuli, hamu na nguvu za kiume kamili, na mbegu zikawa sifuri. Wapo wanaopewa sindano hizo eti ziwaongezee uwezo wa kuzaa, nazo hufanya kinyume kabisa. Ukiziacha, mbegu kwa kawaida hurudi, ila huchukua miezi kadhaa na kwa wengine zaidi ya mwaka. Usiziache kwa ghafla bila daktari kama umezitumia muda mrefu, na usikubali kupasuliwa varikoseli kabla hazijatoka mwilini na manii hayajapimwa upya.

Sigara, bangi na pombe nyingi huongezea mzigo. Joto la kazi pia: waokaji walio mbele ya tanuri kutwa, na madereva wa malori ya safari ndefu wanaoketi saa 10 mfululizo, wanahitaji mapumziko ya kusimama na nguo zisizobana.

Kuhusu vidonge vya "kuongeza mbegu", hela nyingi hupotea hapo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wenzi 2,370, uliwapa wanaume asidi ya foliki miligramu 5 na zinki miligramu 30 kila siku kwa miezi 6. Watoto waliozaliwa hawakuongezeka ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa, wala manii hayakuboreka. Bora fedha hiyo ilipie kipimo cha pili.

Hatua ya 4: Je, kisu kinakufaa?

Masharti ni manne na yote yatimie. Varikoseli ihisiwe kwa mkono. Manii yawe na kasoro katika kipimo zaidi ya kimoja. Mmetafuta mtoto mwaka mzima bila kinga, au miezi 6 ikiwa mke ana miaka 35 au zaidi. Na mke awe hana tatizo, au awe nalo linalotibika.

Kwa aliyetimiza haya, asilimia 60 hadi 70 hivi huona manii yakiboreka baada ya upasuaji. Kuboreka si sawa na mimba. Wanaopata mimba kwa njia ya kawaida ni wachache kuliko hao, na umri wa mke ndio unaovuta namba hiyo juu au chini. Varikoseli kubwa hujibu vizuri zaidi kuliko ndogo. Hata pale ambapo mimba haiji yenyewe, mbegu zikipanda kutoka milioni 1 hadi 10 mnaweza kuhama kutoka matibabu ya bei ya juu kabisa hadi ya bei nafuu: badala ya kudunga mbegu moja moja kwenye yai, manii yaliyosafishwa yakaingizwa kwenye mji wa mimba. Hiyo ni tofauti kubwa ya fedha kwa familia.

Hatua ya 5: Njia gani ya upasuaji?

Kazi ni moja: kuzifunga vena zote mbovu, na kuviacha salama ateri inayolisha korodani, mishipa ya limfu inayoondoa maji, na mrija wa mbegu. Njia zinatofautiana katika jinsi zinavyoweza kuvitenganisha vitu hivyo, na vyote vimelundikana kwenye kamba isiyozidi unene wa kidole.

Njia bora ni ya chini ya kinena kwa kutumia hadubini ya upasuaji, iliyoelezwa na Marmar na wenzake mwaka 1985 na kuendelezwa na Goldstein mwaka 1992. Varikoseli kurudi baada yake hutokea kwa asilimia 1 hivi hadi 4 tu, na busha la baada ya upasuaji huwa chini ya asilimia 1. Njia za zamani zisizotumia hadubini, ziwe za kinenani au za juu zaidi, hurudisha varikoseli mara nyingi zaidi, hadi asilimia 15 katika baadhi ya ripoti, na huacha busha kwa wagonjwa kadhaa katika 100, kwa sababu mishipa ya limfu haina rangi na macho matupu hayaioni. Hufungwa pamoja na vena, na maji yakakosa pa kwenda. Njia ya kamera kupitia tumboni ni nzuri ikiwa pande zote mbili zinahitaji kufungwa, ila inahitaji nusu kaputi na ina hatari zake za tumboni. Ipo pia ya kuziba vena kwa koili, yaani vijiwaya vilivyosokotwa, kupitia mrija mwembamba unaoingizwa kwenye vena ya paja au ya shingo. Haina chale, lakini inahitaji mtaalamu wa radiolojia aliyezoea, na katika baadhi ya wagonjwa mrija hushindwa kufika.

Muulize daktari maswali haya na usione haya: Utatumia hadubini au lupa za machoni? Umeshafanya upasuaji huu mara ngapi? Una kipima mtiririko cha dopla cha kuitafuta ateri? Kama hadubini haipo, lupa zenye ukuzaji mzuri mikononi mwa mzoefu ni bora kuliko macho matupu. Fundi mzuri hataudhika kuulizwa.

Hatua ya 6: Maandalizi

Kama mbegu zako ni chache mno, za kuhesabika chini ya hadubini, uliza kuhusu kuzigandisha kabla ya kupasuliwa. Ni akiba, kwani kuna wachache ambao hali huwa mbaya zaidi baadaye.

Dawa za kuyeyusha damu na aspirini huachwa siku kadhaa kabla, kwa maelekezo ya daktari aliyekuandikia, si kwa uamuzi wako. Chakula kisimamishwe saa 6 kabla, maji meupe saa 2 kabla. Nyoa kinena hospitalini, si nyumbani kwa wembe usiku wa kuamkia upasuaji, maana mikwaruzo hualika maambukizi. Beba chupi mbili zinazobana vizuri na zinazoshikilia korodani. Panga mtu wa kukurudisha kwa gari, bodaboda hapana.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Inafaa ujue kinachofanyika, kwani ndicho unachokilipia. Chini ya nusu kaputi au ganzi ya mgongoni, daktari hukata chale ya sentimita 2 hadi 3 chini kidogo ya tundu la nje la kinena. Huitoa kamba ya korodani na kuilaza juu ya mpira mwembamba. Hadubini huletwa, ikikuza mara 10 hadi 25. Tabaka la kamba likifunguliwa, kinachoonekana kwanza ni vena za buluu zilizopindapinda zikiifunika ateri, ambayo kipenyo chake mara nyingi hakifiki milimita 1 na mapigo yake ni hafifu kiasi cha kupotea ikikereka na kusinyaa. Hapo humwagiwa matone ya papaverini ili ilegee na kupiga tena, au dopla hutumika kuisikia. Ikishapatikana, huzungushiwa uzi wa rangi ili isiguswe tena.

Kisha huanza kazi ya subira: kila vena hutenganishwa, hufungwa kwa uzi wa hariri wa 4-0 au kwa klipu ndogo za titani, na hukatwa. Mishipa ya limfu, inayoonekana kama nyuzi zinazopitisha mwanga, huachwa. Mrija wa mbegu na vena zake za pembeni huachwa, kwani sasa hizo ndizo zitakazoondoa damu ya korodani. Upande mmoja huchukua kama saa moja. Ateri ikikatwa kwa bahati mbaya, korodani inaweza kusinyaa. Ndiyo hatari inayoogopwa zaidi, na ndiyo sababu ya hadubini yote hii.

Wiki za kwanza nyumbani

Siku 2 za mwanzo weka barafu iliyofungwa kwenye taulo juu ya kinena, dakika 20 kisha uondoe, mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi gramu 4 kwa siku, huwatosha wengi. Kidonda kikae kikavu kwa saa 48, kisha unaweza kuoga kwa maji ya kumwagika. Usikae kwenye beseni. Vaa chupi ya kubana mchana na usiku kwa wiki 1 hadi 2.

Tembea tangu siku ya kwanza. Usibebe chochote kinachozidi kilo 5 kwa wiki 2. Ndoo ya maji ya lita 20 ni marufuku. Kazi ya mezani unaweza kurudi baada ya siku 3 hadi 5, ya nguvu baada ya wiki 3 au 4, na mpira vivyo hivyo. Tendo la ndoa baada ya wiki 2, maumivu yakiwa yameisha.

Ngozi kugeuka ya zambarau hadi chini ya korodani ni kawaida, na ugumu kama kamba juu ya korodani hukaa wiki kadhaa. Vena zilizofungwa bado zina damu iliyoganda, basi usishtuke ukizihisi. Rudi hospitali mara moja ikiwa una homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha, uvimbe unaokua kwa saa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ukishindwa kukojoa baada ya ganzi ya mgongoni. Uvimbe laini usio na maumivu unaotokea miezi kadhaa baadaye ni busha hadi ithibitike vinginevyo. Mwoneshe daktari, si lazima upasuliwe.

Hatua ya 7: Kusubiri na kupima

Mbegu moja huchukua siku 74 hivi kutengenezwa ndani ya korodani, kisha kama wiki 2 kukomaa na kupita kwenye epididimisi, mrija uliojikunja nyuma ya korodani. Mbegu utakazotoa mwezi mmoja baada ya upasuaji zilianza safari kabla hujapasuliwa, na upasuaji wenyewe na dawa za usingizi zinaweza kuzishusha kidogo. Kipimo cha mwezi wa kwanza hakina maana zaidi ya kukuvunja moyo.

Pima mwezi wa 3, kisha wa 6. Kama mbegu zinapanda, pima tena wa 9 na wa 12, kwa siku zilezile za kujizuia na kwenye maabara ileile. Kokotoa ile jumla ya mbegu zinazokwenda mbele. Yule wa milioni 4 akipata mwezi wa 6 mililita 2.5, milioni 18 na asilimia 32, jumla yake ni milioni 14.4, mara tatu na nusu ya mwanzo. Umbo na mwendo wakati mwingine hutangulia kupanda kabla ya idadi, au kinyume chake; mwelekeo wa vipimo vitatu ni wa kuaminiwa kuliko kimoja.

Katika muda huo msikae mkingoja. Kutaneni kila baada ya siku 2 au 3 mwezi mzima, bila vilainishi. Kujizuia wiki 2 "ili zijae" hujaza mbegu zilizozeeka.

Ikifika miezi 6 namba hazijatikisika, rudi ushikwe tena ukiwa umesimama. Varikoseli iliyorudi, au vena iliyoachwa, hutibika kwa upasuaji wa pili wa hadubini au kwa koili. Ikiwa imefungwa vizuri na mbegu hazipandi, msizidi kupoteza mwaka; zungumzeni na kliniki ya uzazi.

Mbegu zikiwa sifuri kabisa

Hapa mambo hugawanyika. Kama korodani zina ukubwa wa kawaida na FSH ni ya kawaida, kiwanda huenda kinafanya kazi na njia ndiyo iliyoziba. Sababu ni pamoja na kisonono au klamidia iliyoachwa bila tiba, kifua kikuu cha epididimisi, na upasuaji wa ngiri au busha wa zamani uliojeruhi mrija. Ujazo ukiwa chini ya mililita 1.4, manii yakiwa ya asidi na bila fruktosi (sukari ya kawaida ya manii), kizuizi kiko kwenye tundu la kutolea karibu na tezi dume, au mirija haikuumbika tangu kuzaliwa. Daktari huigundua hii ya pili kwa kuupapasa mrija na kuukosa.

Mrija ulioziba unaweza kuunganishwa upya kwa nyuzi za 9-0 na 10-0, nyembamba kuliko unywele. Takwimu nzuri zinatoka kwa wanaume waliofunga uzazi kisha wakataka kuufungua: utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 ulionesha mbegu zilirudi kwa asilimia 97 na mimba kwa asilimia 76 pale ambapo hapakupita miaka 3, na kwa asilimia 71 na 30 ilipozidi miaka 15. Muda una bei yake.

FSH ikiwa juu na korodani zikiwa ndogo, kiwanda ndicho kilichofeli. Hata hapo, upasuaji wa kuifungua korodani na kutafuta kwa hadubini vijirija vilivyonona zaidi, ulioelezwa na Peter Schlegel mwaka 1999, hupata mbegu kwa karibu nusu ya wagonjwa. Aliyepoteza nzima sehemu ya kromosomu Y iitwayo AZFa au AZFb, zinazohitajika kutengeneza mbegu, hapati, na hapaswi kupasuliwa. Ndiyo kazi ya kile kipimo cha kromosomu kabla ya kisu.

Mbegu zinazopatikana hivyo ni chache na dhaifu. Haziwezi kumpa mke mimba kwa njia ya kawaida. Hutumika kwa ICSI tu, yaani ile njia ya kudunga mbegu moja moja kwenye yai. Kwa hiyo kabla hujasaini fomu, uliza kama hospitali hiyo ina mtaalamu wa maabara ya mbegu atakayekuwa chumbani siku hiyo akizitazama, na tangi la naitrojeni la kuzigandisha. Pasipo viwili hivyo, korodani itafunguliwa, mbegu zitaonekana, na zitakufa kwenye kisahani kabla ya jioni.